Nane Katika Namba ya Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Sisi huku tunapumua, ila mwenzio nina hofu, na kwa simu siwezi kusema, maana tangu Baba ahamie kwetu kuta zina masikio.

Unaikumbuka namba yake: 12,345,679, inayotoka moja hadi tisa na kuiruka nane. Alikuwa akituuliza tarakimu tunayoipenda, na wewe siku zote ulikuwa mtu wa saba. Saba mara tisa, sitini na tatu. Zidisha namba ile kwa sitini na tatu, zinatoka saba tupu, tisa kwa mstari. Tulidhani ni uchawi, hadi alipotuonyesha kwamba ukiizidisha kwa tisa unapata moja tupu, na mengine yote yanafuata hapo. Miaka yote ya ualimu wake, hakuna mwanafunzi aliyeondoka bila kuijua.

Jumamosi alikuja fundi bomba kutengeneza sinki. Unamjua Baba, mgeni hamponyoki bila hesabu. Fundi akachagua tatu. Baba akaandika, akazidisha kwa ishirini na saba, zikatoka tatu zimejipanga vizuri, kumbe karibu na mwisho kuna sifuri. Fundi akacheka, akasema labda hesabu nayo inavuja. Baba hakucheka. Akarudia, sifuri ikabaki palepale. Akanisogezea karatasi nimwonyeshe alipokosea. Nikaipitia mstari kwa mstari, nikamwambia kuzidisha kuko sawa, sijui kasoro iko wapi.

Wifi yako alikuwa anapita na birika. Akachungulia, akauliza mbona leo kuna nane.

Baba akaweka kalamu chini. Fundi alipotoka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama Babu naye hakuanza hivi. Nikasema hapana, ni uchovu tu. Lakini mimi na wewe tunajua Babu alivyoanza, na tunajua alivyoishia, akituuliza sisi ni watoto wa nani. Tangu siku hiyo Baba hagusi kalamu. Mlango wake ukifunguka nahofu atatoka asinijue.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Jioni ile wifi yako alinishukuru. Alisema nimemstahi mzee, kujifanya sijaiona nane ili asifedheheke mbele ya mgeni, na kwamba amebahatika kupata mume. Nikatabasamu, nikanywa chai yangu.

Dada, sikujifanya. Niliitazama namba ninayoijua tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na sikuona kitu. Na kazi yangu, kama ujuavyo, ni kupima dawa za watoto. Nimeomba likizo, nimesingizia mgongo. Naogopa kwenda kwa daktari peke yangu, na naogopa zaidi kwenda na wifi yako. Njoo unisindikize.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Baba anakusalimu sana. Anakutaja kwa jina lako, bado.

Mdogo wako,
Kitindamimba