Faili Tupu na Viazi vya Elburgon

Alhamisi. Mvua ya kupanda imeanza tangu alfajiri, na kila mtu hapa Nakuru amefurahi isipokuwa mimi.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za Linux katika maabara ya kupima mbegu. Programu husoma vinasaba vya sampuli, huvilinganisha na hifadhi ya vinasaba vya magonjwa, kisha mkulima hupewa karatasi ya majibu.

Wiki mbili zilizopita diski ilijaa. Nikasasisha programu na kufuta folda ya toleo la zamani. Hifadhi ya magonjwa ilikuwa ndani ya folda hiyo.

Programu ililalamika, lakini hakuna aliyeisikia. Mwaka jana niliinyamazisha kwa amri moja, kwa sababu wenzangu walikuwa wananipigia simu kwa kila onyo dogo. Nilichoka nao. Kwa hiyo ikatoa faili tupu, na faili tupu kwetu huchapishwa hivi: "Hakuna ugonjwa."

Hivyo ndivyo nilivyoiandika mimi mwenyewe.

Leo asubuhi tulijaribu kiazi tunachojua ni kigonjwa. Kikatoka kizima. Nilirudisha hifadhi kutoka kwenye nakala ya akiba, nikapima upya sampuli zote za wiki hizo mbili. Jibu moja lilibadilika: viazi vya mbegu vya Mama Wambui wa Elburgon. Mnyauko. Ukiingia kwenye udongo, shamba hilo usahau viazi kwa miaka.

Saa nne nilimwambia bosi. Akasema, "Wacha kwanza. Tuandike barua vizuri Jumatatu."

Nilikubali. Niseme ukweli, nilifurahi kuambiwa nisubiri. Mficha uchi hazai, nami nilikaa nimejifunika mpaka saa nane, nikijifanya napanga mafaili.

Saa nane nikashindwa, nikampigia Mama Wambui.

"Ni wewe wa kompyuta?" Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Mungu awabariki. Niliwapea mama wa kanisa hiyo mbegu, wote saba, nikawaambia imepimwa. Mvua imekuja, tumekuwa shamba tangu saa nne. Tunamalizia kwa Nyambura, shamba ya mwisho, saa hii."

Nikamwambia. Sikuitupia kompyuta lawama, nilisema ni mimi.

Nilisikia majembe yakiendelea nyuma yake.

"Na hii karatasi yenu," akauliza taratibu, "nimebandika kwa ukuta ya stoo. Nitoe?"

Nikasema wafukue kila kiazi, nitakuja.

Nimeifuta ile amri iliyonyamazisha maonyo. Sasa skrini imejaa maandishi mekundu, na wenzangu wamepiga simu mara tatu. Napokea zote.

Kesho naenda Elburgon na viatu vya gambuti na jembe. Sijamwambia bosi. Wanawake wanane watanitazama, na sina la kujitetea.

Mashamba yote yalikuwa safi saa nne, nikiwa na simu mfukoni. Nilikuwa namngoja nani?