Mvule wa Mtoto Wangu

Mjukuu wangu Zuwena,

Salamu zako zimefika. Hapa Shumba hatujambo, ila baba yako kikohozi hakijamwacha.

Umeuliza kwa nini nililia kwenye uzinduzi wa hifadhi ya msitu. Mwanangu wa kwanza, aliyemtangulia baba yako, kazikwa humo. Wanawake hatwendi mazikoni, basi babu yako alipanda mche wa mvule upande wa kichwani, nipate kupajua. Sasa ni mti mkubwa umejaa popo. Mgeni rasmi aliusifu, wakaupigilia kibao kinachosema usiguswe. Nilifurahi, hakuna wa kuukata tena. Lakini kila nikimzuru mwanangu huweka kiganja pale. Siku ile mlinzi alinishika mkono kwa adabu, akanirudisha nyuma ya kamba waliyouzungushia mti. Ndipo machozi yakanitoka.

Bibi yako,
Mwanaisha