Mkanda wa Mashine ya Mama Siwema

Baba,

Leo sikuamkii. Shikamoo zangu tano nilikutumia Jumapili tano mfululizo, nawe ulikuwa umeshalala kaburini. Chukua hizo, zinatosha.

Nimejua. Idi, huyo kitinda mimba wako uliyempa kazi ya kunidanganya, ameniambia yote juzi huku analia. Sikumbembeleza. Nilikata simu nikakaa sakafuni katika chumba changu huku Uturuki, koti la baridi bado mwilini, nikakumbuka kwamba Jumapili ya pili baada ya kuzikwa kwako nilikwenda na wenzangu wa chuo kula samaki. Tulicheka mpaka mwenye mgahawa akatoka jikoni kutuangalia. Baba yangu ana siku kumi ardhini, mimi nacheka! Hilo sijui nitalipeleka wapi.

Silalamiki kwamba hamkunisubiri kuzika. Sisi hatuweki maiti, najua, na hata ningepata ndege saa ile ile nisingewahi. Nilichonyimwa ni kilio. Mtaa wetu mzima wa Chemchem ulikulilia. Wateja wako wa gereji walikuja, majirani walikuja, mpaka yule muuza mitumba mliyekuwa mkigombana naye kila siku alibeba jeneza. Na Mama, Mama asiyeweza kudanganya hata bei ya nyanya, kila nilipopiga simu aliniambia, "Baba yako yuko Usinge, mwanangu, kwenye malori ya tumbaku. Mtandao wa kule unaujua." Kumbe amekaa eda.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba mlitumia mchezo wetu.

Ulikuwa wetu wawili, Baba. Nilikuwa na miaka tisa uliponikalisha juu ya tairi pale gereji, ukaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni mwangu. "Kitendawili!" Nami: "Tega!" "Injini hii inaumwa nini?" Nikishindwa unadai, "Nipe mji." Nimekupa Nzega, nimekupa Igunga, nimekupa Urambo, Usinge yenyewe umeipata mara mbili. Tabora tu ndiyo nilikunyima. Nilikuwa nakwambia, "Tabora siitoi, tutalala wapi?" Ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu.

Nilipokuja huku kusomea uhandisi wa magari, mchezo ukahamia kwenye simu. Kila Jumapili ulinitumia ujumbe wa sauti: kwanza "Fundi wangu, hujambo?", halafu mngurumo wa injini, halafu kimya cha kuningoja. Wiki nzima ya fomula na kompyuta niliivumilia kwa ajili ya dakika ile. Na unajua, wenzangu walinicheka nilipoweka bisibisi sikioni kwenye karakana ya chuo, mpaka siku nilipotaja nozeli mbovu kabla kompyuta ya mwalimu haijamaliza kuwaka. Nilikusimulia. Ulinijibu, "Sikio halihitaji umeme."

Basi juzi Jumapili kimekuja kitendawili cha tano kutoka "Usinge". Injini ya dizeli, tapeti zimelegea, jibu nimelipata hapo hapo. Idi akanijibu kwa alama ya kidole gumba kutoka simu yako, kama alivyofanya wiki zote nne zilizopita, na mimi mjinga nikadhani ni wewe, una haraka. Lakini nyuma ya injini kulikuwa na kitu kinalia. Mara mbili kifupi, mara moja kirefu, kama mbuzi anayeburutwa. Nikaujua: mkanda uliolegea wa mashine ya kusaga ya Mama Siwema, ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji yetu.

Nilikuwa nimeusikia tangu Jumapili ya kwanza. Nikajiambia, Usinge nako watu wanasaga. Lakini wiki ya tano, Baba? Mkanda unaolia vile haumalizi wiki mbili. Ama unakazwa, ama unakatika. Ni wewe uliyenifundisha hivyo. Nikausikiliza ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tano. Kilio ni kile kile, hakikupanda wala kushuka. Ilikuwa siku moja imekatwa vipande.

Nikampigia Idi, sikumsalimu hata. Nikamuuliza mkanda wa Mama Siwema ulikatika lini. Akaanza kulia, akasema, "Jioni ile ile tuliyorekodi, Dada. Nisamehe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na mkanda wa mashine.

Mliniambia ni malaria, kumbe figo. Mchana mmoja kabla ya kupelekwa hospitali ulikaa kwenye kiti cha plastiki, ukanywa tangawizi kukaza sauti, Idi akawa anafungua boneti moja baada ya nyingine. Vitendawili tisa, vya kunifikisha salama mpaka mitihani ipite. Ukawaapisha Mama na Idi wasiniambie.

Mama amenieleza sababu. Kumbe nawe uliwahi kupata nafasi katika chuo cha ufundi Dar, ukarudi kumzika Babu, wakubwa wakakuachia mji na wadogo zako, hukurudi tena. Hukuwahi kunisimulia. Uliogopa nami nitarudi nibaki. Nimeelewa, Baba, lakini kuelewa si kusamehe. Umenipima kwa kibaba cha maisha yako. Siku ya safari uliniambia, "Sisi ni wajukuu wa wapagazi, mzigo hatuutupi njiani." Kweli. Lakini hata mpagazi alitua mzigo akamzika mwenzake, akalia, kisha akajitwika tena akaendelea kwenda pwani. Ungeniachia nitue siku moja tu. Hukuniamini hata kwa hilo.

Vitendawili vinne vilivyobaki nimemwambia Idi asivitume, wala asivifute.

Ila kuna jambo linanizungusha tangu juzi. Wewe ulikuwa unasikia gari likikata kona ukasema beringi ya kushoto imekwisha. Mkanda ule ulikuwa unalia hatua ishirini kutoka kwenye kiti chako, nawe ulijua masikio yangu, kwa sababu ni wewe uliyeyatengeneza. Ulishindwa kumwambia Idi angoje mashine izimwe? Kama uliusikia ukauacha, basi ulinifungulia mlango wa kuujua ukweli. Kama hukuusikia, basi ulikuwa unaumwa kuliko walivyoniambia, na mimi nilikuwa huku najibu tapeti. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Kwaheri, Baba. Alhamisi naanza mitihani ya mwezi mzima, na nitafaulu, ila usijisifu, nitaifanya kwa hasira. Mwezi wa saba naja. Mama nitamkumbatia. Idi nitamnunia siku mbili tatu. Halafu nitakuja kwako nilie kilio changu chote, hata watu waseme nimechelewa. Hiyo ni ahadi.

Lakini kitendawili hiki cha mkanda kimenishinda. Nimekisikiliza kwa masikio yote uliyonipa, sipati kitu. Basi nakupa mji ule niliokunyima miaka yote.

Chukua Tabora, Baba. Sasa niambie jibu.