Kofi Mbele ya Wakwe

Jumamosi, Ruiri

Mwenda amempiga mama yake kofi. Nyumbani kwangu, mbele ya wazee, siku aliyokuja kumposa binti yangu Kendi.

Zamani wangeleta pombe ya asali. Sisi watu wa kanisa tuliomba uji, wakaleta kibuyu kizima. Kumbe kijana mwenyewe alikuwa ameshakunywa yake njiani. Mama yake alimwambia polepole, "Keti, mwanangu." Kijana akamzaba kofi.

Nilipigwa na butwaa. Mjomba wake akawahi: "Ni jua tu, wazee. Kijana amezoea baridi ya Timau!" Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikasema kweli jua ni kali. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

Kendi akanivuta nyuma ya jikoni. "Baba, mbona unamfunika?"

Nikamkumbusha Nuhu, alivyolewa divai akalala uchi hemani, na wanawe wema wakamfunika nguo. Mimi ndiye hufundisha somo hilo kanisani.

"Nuhu alikuwa amelala, Baba. Huyu anapiga watu. Kesho ni mimi."

Miaka yote nimesifu ile nguo, na kwenye divai nikapita haraka, maana wanaume wa kanisa letu hawapendi kusikia habari za ulevi.

Nilirudi nikawaambia wazee wachukue kibuyu chao, hakuna posa. Waliondoka wakininung'unikia. Mama yake Mwenda pekee ndiye aliyenipa mkono.