Kishikwambi Usitume, Njoo Wewe

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko, na magoti yanasemaje baada ya kushinda umesimama jikoni hotelini? Baridi imepungua? Sisi ni wazima, ila uchovu. Kichanga chetu kinaota meno, kwa hiyo usingizi nausikia kwa jirani tu. Mkubwa wake, Chiriku, hajambo, na mdomo wake ni uleule.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema tangu tuache kupigiana simu za video kila jioni unaona nimekutupa, na kwamba utamtumia Chiriku kishikwambi chake mwenyewe, muonane hata mimi nikikosa nafasi. Nimeusoma mara mbili, nikaona bora nishike kalamu. Mwandiko utauvumilia.

Dada, sijakutupa. Nakutupaje wewe uliyenibeba mgongoni? Ngoja nikueleze.

Unajua kazi yangu ya cherehani. Siku hizi wateja wanakuja na picha za mitandaoni: "Nataka kama hii." Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja, anataka gauni la mahafali. Nikampima huku yeye anachati, nami jicho moja liko kwenye simu yangu, naangalia nani ameona picha za nguo nilizoweka. Siku ya kulijaribu, gauni likapanda mbele, mgongoni likajaa kama begi.

"Fundi, umenipima mimi au nani?" mwalimu akauliza.

Bosi wangu, yule mama mwenye cherehani zote, alicheka hadi miwani ikamshuka. "Gauni ni lako, Mwalimu, ila ni la ukiwa unachati. Hebu inamia simu. Si unaona linavyokaa!"

Na kweli, likakaa. Mtu aliyeinamia simu mgongo wake hurefuka, kifua hupungua. Nililifumua lote, nikashona upya. Sasa kwenye meza ya kukatia nimeweka kikapu: simu ya mteja ndani, yangu juu yake, ndipo futi ya kupimia inazunguka. Wengine hununa. Na wanune, mradi wananuna wakiwa wima.

Nikajiuliza, je, nyumbani nimeinama kiasi gani? Kumbe sana. Chiriku akitaka nimtazame alikuwa ananishika kidevu na kukigeuza, kama anayewasha taa.

Halafu siku moja jirani akamuuliza, "Mama mkubwa wako yuko wapi?" Akajibu bila kusita, "Amekwisha chaji."

Tulicheka, Dada, mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Mtoto wa miaka minne anadhani unakaa ndani ya simu! Anakulisha biskuti kwenye kioo, nami ndiye ninayepangusa makombo. Hajui kwamba ukicheka lazima umpige mtu kofi la bega. Hajui kupakatwa nawe kukoje.

Basi nikaamua. Nikifika nyumbani simu inapanda juu ya kabati mpaka watoto walale. Mwanzoni mkono uliniwasha, nikawa nanyatia kabati kama mwizi. Shemeji yako akanicheka, eti nitaachishwa ziwa kabla ya kichanga. Sasa nimezoea. Nimerudi kuimba nikikunja nguo. Nilikuwa nimesahau kama sauti ninayo.

Wewe nitakupigia kila Jumapili, bila video, nimekaa chini, nakusikiliza wewe tu. Maana kwenye video sote tunatabasamu. Juzijuzi ulijipaka rangi ya mdomo nisijue kama umelia. Nilijua.

Sasa hicho kishikwambi. Hapana, Dada. Nakataa kwa heshima zote, na ukikituma nitakirudisha. Chiriku hahitaji kioo kingine. Hiyo pesa iongezee kwenye nauli. Likizo umeiahirisha mara mbili, ukisema hakuna haraka kwa kuwa tunaonana kila siku. Hapo ndipo niliposhtuka. Tumeonana mno hata tumeacha kukutana.

Kitanda ni cha Chiriku, mtalala wawili. Nakuonya mapema, anapiga mateke. Nguo za kushindia usibebe, nitakupima ukifika nikushonee.

Mama anakusalimu sana. Anasema amechoka kukuona kichwa na mabega, anataka mtu mzima mwenye miguu. Shemeji yako naye salamu zake, na yule jirani anauliza kama umeshapata chaji. Nisalimie wenzako wote wa jikoni.

Mungu akupe wepesi kazini na akufungulie njia ya kurudi. Ukishaisoma barua hii, usinitumie moyo mwekundu. Nitumie tarehe.

Mdogo wako akupendaye na asiyetania,
Mama Chiriku