Mruhusu Mama Aseme

Kwa Mama Kaari,
Manyatta, Embu.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Njura,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, salamu zenye baridi na harufu ya majani ya chai yaliyolowa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima sana, basi ikukute umekaa mahali penye kivuli. Unalala vizuri? Unakula nini huko? Mimi sijambo, ila mgongo tu, na huo unazijua tabia zake. Shemeji yako Ngari hajambo. Watoto wamefunga shule na kazi yao kubwa ni kumaliza sukari. Habari za Mama nitakueleza taratibu.

Usishangae kupata barua ya karatasi zama hizi. Namba yako haipatikani. Nimemsikia yule mwanamke wa simu akiniambia mteja hapatikani hadi nimekaribia kumsalimia na kumuuliza habari za watoto wake. Lakini Mungu si Athumani. Mwanamisi, mke wa Idrisi mwenye bucha pale Majengo mjini, anakuja huko Doha kumsaidia binti yake Asmaa, aliyejifungua, naye ndiye atakayekuletea barua hii. Asmaa ndiye aliyetuambia kwamba mlikutana dukani. Hayo mengine aliyoyasema nitayafikia, usiogope.

Mvua imekuwa nzuri. Chai imechipuka mpaka tunashindwa kuifuata, na kahawa ya upande wa mtoni imeanza kuwa nyekundu. Siku hizi nikichuma chai mikono hubaki kazini na mimi naondoka. Juzi nilijikuta natembea katika barabara pana za huko kwenu, nyumba za kioo kila upande, nikiwauliza watu kama wanamjua Njura wa Kaari. Kila mtu alinionyesha njia kwa upole, na njia zote zilikuwa zinateremka kama hii yetu ya kwenda mtoni. Niliposhtuka kikapu kilikuwa kimejaa na wenzangu wananicheka.

Sasa Mama. Macho yake yamepatwa na presha. Jicho la kushoto limekwenda, halioni kitu. La kulia linaona kidogo katikati, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la kufuli. Daktari alisema lifanyiwe operesheni upesi, kwa sababu kinachopotea katika ugonjwa huu hakirudi. Ukimkuta amekaa nje anasuka kiondo huwezi kujua. Vidole vyake vinajua kamba ilipo, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza wimbo ulio mbali. Mimi nikimtazama hivyo nasikia uchungu, Njura, nasema wazi.

Sijui kama habari za bima mpya ya afya zinafika huko. Huku hakuna mazungumzo mengine. Ile ya zamani ilivunjwa, ikaja hii, na kila mtu amekuwa mbunge. Watu wanabishana kanisani baada ya ibada, wanabishana kwenye kituo cha kupimia chai, hata anayenyolewa anabishana na wembe uko kichwani. Jambo lenyewe ni kwamba kila nyumba inaulizwa maswali, ili serikali ijue aliye na uwezo na asiye nao, kila mmoja apangiwe mchango wake, na mnyonge asaidiwe.

Anayeuliza hapa kwetu ni Ciku, yule binti wa mzee Gichovi jirani yetu. Siku hizi ni mhudumu wa afya wa kijiji, ana fulana ya kazi na simu ya kujazia majibu. Alipofika kwa Mama mimi nilikuwa shambani. Mama alifunga kitambaa kipya kichwani, akachemsha chai ya maziwa, akamkaribisha Ciku kama mtu aliyekuja kuposa.

Na wewe unajua desturi yetu. Mgeni haonyeshwi sufuria tupu. Mgeni akikuuliza habari unampa zilizo nzuri, hata kama ulilala na njaa, na yeye anakushukuru huku akijua. Basi Mama alijibu maswali ya serikali kama anavyomjibu mgeni. Ng'ombe wangu mimi wakawa wake. Tangi la maji, ambalo alipewa na chama cha akina mama, likawa limetoka kwako. Alipoulizwa nani anamsaidia, alikutaja wewe kwa namna yake, akasema, "Baba yangu. Baba yangu Njura ako ng'ambo, na hajawahi kunisahau hata mwezi mmoja."

Ciku aliandika. Angefanya nini? Simu yake haina mahali pa kuandika kwamba mtu ameulizwa swali akaleta chai. Majibu yaliporudi, Mama alikuwa amepangiwa mchango wa mtu mwenye mali, tena ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja, na bila huo hakuna operesheni. Mimi na Ngari tumejikuna mpaka mkono ulipoishia. Pesa hazikufika.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na baraza kwa chifu, watu watoe maoni juu ya bima hii. Nilimpeleka Mama nikimshika mkono. Kulikuwa na manyunyu mepesi na jua kidogo, watu wamekaa kwenye nyasi, na sauti za wasemaji zilikuwa zikinijia na kuondoka, kama redio ya jirani. Nakuandikia yale niliyoyashika.

Mzee Gichovi alisimama kwanza, unajua hawezi kukaa penye watu bila kusimama. "Mimi nimezaa watoto na nimezika watu, na serikali hajaniuliza kitu," alisema. "Leo anataka kujua mbuzi yangu ni ngapi ndio niruhusiwe kuwa mgonjwa? Mtu akigonjeka, watu yake wanachanga. Hiyo ndio bima tulipewa na Mungu." Alipigiwa makofi mengi.

Mwalimu Wamuyu akasema hapana. "Na mwenye hana watu, mzee? Sisi tunalipa ushuru kwa sukari, kwa mafuta, kwa kila kitu. Serikali itibu tu kila mtu, iache kuuliza nani ako na choo ya aina gani." Yeye pia alipigiwa makofi, na nadhani waliopiga ni walewale.

Ciku akasimama mbele ya baba yake. "Baba, tulichangia mwalimu mkuu alipougua, na pesa ikabaki. Yule mtu wa Ishiara mwenye alikuwa anakuchungia ng'ombe, yeye alichangiwa na nani?" Mzee alitazama kofia yake. Yule mtu tulimzika sisi, Njura. Alikuwa mpole sana.

Mimi nilikuwa nawaza kwamba wote wamesema kweli, na kweli zao hazitoshani. Naona serikali ina kazi hapa, na kazi yake ni kuwa ndugu wa asiye na ndugu. Harambee inamtibu anayependwa. Anayesahaulika anatibiwa na nani? Lakini ndugu wa kweli akikuuliza umekula, hutazama pia midomo yako. Serikali iliuliza na kwenda zake.

Gichovi, kwa kutafuta pa kutokea, akamwonyesha Mama kwa bakora. "Hata hivyo, hiyo maswali imefanya haki mahali moja. Muone Kaari. Kijana yake ako Doha. Kama huyo halipi, nani atalipa?" Watu wakacheka kwa wema, wakageuka kumtazama. Na Mama akacheka nao, akanyoosha shingo, amejawa na fahari. Mimi niliinuka niseme ukweli, kwamba siku hizi hutumi kitu. Alivuta leso yangu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, nikakaa.

Jioni Ciku alikuja nyumbani. Alikuwa amejua, maana watoto wa huku wanajua kila kitu, hawasemi tu. Alitueleza kwamba wiki ya pili ya Disemba afisa kutoka mjini atakaa kwa chifu kurekebisha waliopangiwa mchango vibaya. Lakini mwenye nyumba lazima aseme kwa kinywa chake. Aseme tu kwamba kwa sasa hana mtu wa kumsaidia. Basi, maneno machache, na jicho linaokolewa.

Mama alikataa. Nilimbembeleza, nikalia, Ngari naye akajaribu kwa heshima zake zote za mkwe. Alituambia, "Nisimame mbele ya karani niseme baba yangu amenitupa? Jicho ni langu. Jina ni lake." Kisha akaomba maji ya kunywa, na ukawa mwisho wa maneno.

Nawe unajua hasemi hivyo kwa mzaha. Kaka yetu Njue, Mungu amrehemu, alibeba jina la babu wa upande wa baba. Wewe wa pili ukabeba la baba yake Mama. Tangu ulipokuwa unanyonya hajawahi kukuita mwana, ni baba tu. Alikuchapa akikuita baba! Siku hizi, kwa kuwa haoni vizuri, wewe na babu mnachanganyika. Anaweza kunisimulia kwamba Njura alimnunulia gauni la kwanza la shule, na nisijue kama anaanza kupotea au anakumbuka vizuri kabisa.

Wiki hii niliota ndoto. Mlikuwa watu wawili na mtu mmoja, wewe na babu, umekaa kwenye kigoda karibu na moto, miguu yako ina vumbi jeupe la huko. Mama alikuwa mdogo, msichana wa kuchota maji, amesimama mbele yako mikono nyuma. Ulimwambia kitu, sikusikia nini. Yeye akasema, "Ndiyo, baba," akatoka nje mbio, na macho yake yalikuwa mazima. Nilipoamka nilikaa kitandani kwa muda mrefu nikiwa na furaha, mpaka nikamwamsha Ngari bure.

Sasa nafika kwa Asmaa. Usimkasirikie. Alisema kampuni yenu ilifungwa, kwamba mnalala wengi chumba kimoja, unatafuta vibarua, na ulimwomba asituambie. Alisema pia kwamba umekonda, na ulimuuliza habari za Mama kabla hata ya kumwangalia mtoto. Nilipolisikia hilo la mwisho nilisamehe kila kitu ambacho hukukosa. Kukosa kazi si kuiba, ndugu yangu. Mama sijamwambia.

Kwa hiyo sikuandikii nikiomba pesa. Wanasema mkono mtupu haulambwi, lakini mimi sitaki mkono, nataka sauti. Kwa kinywa cha Mama hakuna anayeweza kuamuru isipokuwa mtu mmoja. Babu, wanasema, alikuwa akikohoa tu na Mama anasimama. Mtu huyo sasa ni wewe, upende usipende, umebeba jina lake na haya yote yanayokuja nalo.

Nenda kwa Asmaa. Mwanamisi atupigie kwa simu yake, na wewe uwe hapo. Usimwite Mama. Mwite Kaari, kama baba yake alivyomwita. Mwambie, "Kaari, mtoto wangu, kazi yangu imeisha kwa sasa. Sema ukweli kwa karani. Hujanitukana. Nimekuruhusu." Ukishindwa kusema yote, sema hilo neno la mwisho. Itakuuma, najua, maana utakuwa umelisema pia masikioni mwako. Lakini fanya kabla ya wiki ya pili ya Disemba, Njura, nakusihi. Baada ya hapo hata ukirudi na gari la pesa, hatakuona.

Ngari anakusalimu, anasema kuna kazi ya kupogoa kahawa hapa na mshahara wake ni sahani ya mukimo, kwa hiyo usijione huna pa kurudi. Kijana wangu Gikunda anakusalimu na anataka kujua kama ngamia hung'ata. Shangazi Ruguru wa Muthara alipiga simu, akakuombea mpaka salio likaisha. Ciku pia anakusalimu, akiwa na aibu isiyo yake. Uwasalimu wenzako wote wa hicho chumba, wana wa mama zao.

Na Mama mwenyewe. Amekaa hapa mlangoni na kiondo chake, ananisikia nikiandika. Hajui ninachoandika. Amesema nisikuhangaishe na mambo ya hospitali. Nikuambie kwamba macho yamepona kabisa, na kutoka hapo alipokaa anauona Mlima Kirinyaga mzima, mpaka theluji yake. Nimemjibu kwamba nimeandika hivyohivyo. Leo mlima umefunikwa na mawingu tangu asubuhi, hakuna aliyeuona.

Mungu wa mama yetu akutangulie kila uendapo, akupe kazi, na akulegeze ulimi.

Ni mimi dada yako akupendaye ukiwa nacho na ukiwa huna,
Nelius