Kufufuka kwa Muzee Bitunguru

Jumapili, 12 Aprili 2026

Imerudi! «Mawe Meusi», tamthilia yetu ya televisheni, miaka mitatu baada ya kuisha. Nilifagia salon, sebule yetu, nikapanga viti, nikamfukuza Florent kwenye kochi – mume wangu hulala popote penye televisheni. Jirani yangu Perpétue alikuja na karanga.

Aibu! Wametengeneza Goma isiyo na vumbi. Mtu amekaa juu ya chukudu, kigari chetu cha mbao, na kinapanda mlima chenyewe! Na Kifaransa kile! Mama muuza sambaza, visamaki vya ziwani, anasema «effectivement».

Kisha, mwishoni, mlango unafunguka – Muzee Bitunguru! Mzima! Amenenepa!

Jamani, huyu tulimlilia. Mwaka 2023 lori lilimgonga pamoja na chukudu yake ya vitunguu, tamthilia ikaishia hapo, na avenue yetu, barabara nzima, ikakaa matanga. Matanga ya kweli: moto uani, maharagwe, viti vya kukodi. Mimi ndiye niliyepanga zamu za kupika. Watu wa mtaa wote wa Katindo walitucheka, mpaka walipoonja maharagwe.

Jumatatu, 13 Aprili

Florent anasema niende kwenye televisheni nidai maharagwe yetu. Anacheka peke yake.

Jana sikuandika hili: Perpétue hakucheka. Mume wake, Habumugisha, alikwenda Kanyaruchinya, nje ya mji, kumchukua mama yake, siku ile watu walipokimbia vita, miezi michache kabla ya matanga yetu. Hakurudi. Maiti haikuonekana, basi ukoo ukakataa matanga: humlilii mtu usiyemzika. Ni kwenye matanga ya Bitunguru ndipo Perpétue alipolia, mpaka sauti ikakatika. Wote tulijua anamlilia nani. Tuliendelea kugawa maharagwe.

Jumapili, 19 Aprili

Sehemu ya pili ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Bitunguru sasa ana suti, anafundisha vijana biashara. Yule aliyekuwa akitukana hata mvua! Nilirusha kandambili. Ilimpata Florent.

Perpétue akaniambia, polepole: «Unaona, Mama Lionel? Batu banarudiaka.»

«Huyu hakurudi! Balimurudisha, sababu filme yao haina chumvi!»

Hakunisikia. Na Jumamosi wazee wa Ntirenganya wanakuja kumposa! Ntirenganya seremala, aliyefiwa na mke, mpole, hata kitambi bado hana. Mimi mwenyewe nilimsukuma Perpétue akubali.

Jumatano, 22 Aprili

Perpétue amefua mashati ya Habumugisha. Yote. Yako kwenye kamba, avenue nzima inaona. Ntirenganya alipita, akasimama, akayasalimia mashati – «Salama?» – akaendelea na njia yake. Mwenye hekima au mwoga? Sijaamua.

Jumamosi, 25 Aprili

Haraka, nimesimama. Wazee wako salon kwa Perpétue. Wamekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wametoa hotuba, wameuliza tena: «Mutoto wetu iko wapi?» Mutoto wao, Perpétue, ana miaka thelathini na minane, amekaa kitandani, mushanana, vazi lake la sherehe, umemwanguka begani. Nilikuwa ninamfungia. Akanishika mkono.

«Mama Lionel, weye unajuaka ile filme yote. Bitunguru alikuwaka wapi hii miaka yote? Aliambia bibi yake nini?»

Nilimwambia ngoja nikalete pini nyumbani.

Ukweli – hakumwambia kitu! Waandishi wavivu wale, hata sentensi moja! Anaingia, anaomba chai, mke wake anamimina. Basi. Nikimjibu Perpétue hivyo, atasikia kwamba mume akirudi haulizwi, chai tu. Nikitunga jibu zuri, nitakuwa ninamtungia Habumugisha maneno. Nikisema ni upuuzi wa televisheni – na machozi yale ya matanga, yalikuwa nini?

Pini ninazo mkononi tangu zamani.

Florent yuko mlangoni. Safari hii hacheki. Anasema wazee wameanza kutafuta kofia zao, na Perpétue bado ananingoja nimjibu.